Vinu Viwili vya Ukanda wa Shaba

Msafiri avukaye mpaka wa Tunduma na kuingia Zambia hana budi kukata masafa marefu kabla ya kufika mahali ambapo utajiri wa nchi hiyo hutoka ardhini. Hupita misitu ya miombo isiyokwisha, huiacha Mpika, huiacha Serenje, na hatimaye hufika Kapiri Mposhi, ambako reli ya TAZARA, yenye urefu wa kilometa 1,860 na iliyojengwa kati ya mwaka 1970 na 1975, hukomea. Kutoka hapo barabara hushika kaskazini hadi Ndola, na kilometa zipatazo 60 mbele yake ndipo ulipo mji wa Kitwe. Njia nzima malori hupishana naye, yamebeba mabamba ya shaba yanayokwenda bandari ya Dar es Salaam.

Mgeni anayeingia Kitwe huonyeshwa kwanza lile rundo kubwa la mabaki ya tanuri ambalo wenyeji huliita Mlima Mweusi. Lakini mwenye jicho la makini huona pia vilima vya namna nyingine pembezoni mwa miji ya Ukanda wa Shaba. Hivyo ni vya rangi ya kijivu, na vileleni viko sawa kama meza. Vilima hivyo havikuumbwa na Mwenyezi Mungu. Kila punje ya mchanga wake ilikuwa jiwe gumu ndani ya mwamba, ikachimbwa, ikapandishwa juu, ikasagwa mpaka ikawa unga, shaba ikatolewa, kisha unga uliobaki ukamwagwa pamoja na maji.

Katika miji hii, basi, mna vinu vya aina mbili. Kimoja wananchi hukiita chigayo. Hicho ni mashine ya kusaga mahindi iliyo katika kila mtaa, ambapo kina mama hupanga foleni na ndoo zao ili wapate unga wa nshima, ndugu wa ugali wetu. Kingine kimo ndani ya ua wa mgodi, ni kikubwa kama nyumba, nacho husaga mawe usiku na mchana. Wengi hukijua kile cha kwanza. Cha pili hakijulikani sana, ingawa ndicho kilichobeba mzigo wa uchumi wa taifa zima.

KWA NINI MAWE YASAGWE

Shaba haikai ardhini kama viazi, ikingoja kung'olewa. Imetawanyika ndani ya jiwe kwa chembe ndogo ndogo ambazo nyingine hazionekani kwa macho matupu. Katika mgodi mpya wa Kalumbila, huko Mkoa wa Kaskazini-Magharibi, kilo 100 za mawe huwa na karibu nusu kilo tu ya shaba. Kuyeyusha mawe yote hayo ili kuipata nusu kilo kungekuwa hasara tupu.

Njia iliyoufungua Ukanda wa Shaba mwanzoni mwa miaka ya 1930 ni ya kuelesha kwa povu. Jiwe husagwa kuwa unga ndani ya maji, dawa hutiwa, hewa hupulizwa, na chembe za madini ya shaba hujishikiza kwenye mapovu na kupanda juu. Povu hilo likikusanywa na kukaushwa huwa makinikia, ambayo ndiyo hupelekwa kwenye tanuri. Lakini povu haliwezi kushika chembe iliyofungwa ndani ya jiwe. Kwa hiyo, yote yatakayofuata huamuliwa na kinu. Kikisaga vibaya, mafundi wa povu watakuwa wameshindwa kabla hawajaanza.

MWENDO WA KINU

Kinu cha mgodi ni pipa kubwa la chuma lililolazwa ubavu, likizungushwa na mota. Ndani yake hutiwa mawe yaliyokwisha vunjwavunjwa, maji, na gololi za chuma. Wachimbaji wadogo wa dhahabu wa Geita, hapa Tanzania, wanacho chombo cha ukoo huo huo kwa kipimo kidogo, nao hukiita karasha. Pipa linapozunguka hupandisha gololi na mawe kwa upande mmoja, kisha mzigo huo huporomoka na kuvunja kila ulichokiangukia.

Jambo la kwanza linaloamua kazi ya kinu ni kasi yake. Mtu akichukua ndoo ya maji na kuizungusha kwa mkono wake kwa nguvu, maji hayamwagiki hata ndoo ikiwa kichwa chini. Ndivyo ilivyo ndani ya kinu. Ipo kasi ambayo gololi zote hung'ang'ania ukutani na hazianguki tena, na hapo usagaji hukoma kabisa. Kasi hiyo ya ukomo hutegemea upana wa kinu. Kinu chenye upana wa meta 4 huifikia kwa mizunguko 21 hivi kwa dakika, na kile chenye upana wa meta 12 huifikia kwa mizunguko 12 tu. Kwa desturi waendeshaji hutumia kama robo tatu ya kasi hiyo, yaani mizunguko 16 kwa kinu kidogo na 9 kwa kikubwa.

Kikienda polepole mno, gololi hujiviringisha tu kama maharage katika ungo. Husugua mawe badala ya kuyavunja, na mawe makubwa hutoka kama yalivyoingia. Kikienda kasi mno, gololi hurushwa mbali, huruka juu ya mawe na kuangukia mabamba yanayokinga ukuta wa kinu. Chuma hupiga chuma, gololi hupasuka, mabamba huvunjika, wala hakuna jiwe lililosagwa kwa nguvu hizo zote.

Ujazo nao una siri yake. Kinu cha gololi kwa kawaida hujazwa gololi hadi theluthi moja ya nafasi yake au kupita kidogo. Kadiri mzigo unavyoongezeka, ndivyo mota inavyovuta umeme mwingi zaidi, na kila mtu hutazamia hivyo. Lakini ukivuka kiwango fulani, umeme huanza kushuka. Mzigo umejaa hata uzito wa upande unaoshuka unasaidia kuuinua upande unaopanda, kama bembea ya watoto wawili. Mwendeshaji mgeni akiona umeme unashuka hudhani kinu kina njaa, akaongeza mawe. Hapo ndipo kinu huvimbiwa, na huenda ikachukua saa kadhaa kukitapisha. Mwendeshaji mzoefu hupunguza mawe kwanza, kisha ndipo huuliza maswali.

Wazee wa kazi hiyo walijifunza kusikiliza. Kinu kilichojaa hunguruma kwa sauti nzito iliyofifia, na kilichopungukiwa hupiga makelele makali ya chuma kitupu. Siku hizi vipo vyombo vya kupima uzito, umeme na hata sauti yenyewe, na mwendeshaji huketi katika chumba chenye vioo akitazama tarakimu. Hata hivyo, kinachopimwa ni kile kile walichokisikiliza wazee.

UJI USIZIDI WALA USIPUNGUE

Mama apikaye uji ajua kwamba maji huamua kila kitu. Ndani ya kinu pia mna uji, uji wa mawe, na kwa kawaida vitu vikavu huwa kati ya asilimia 65 na 80 ya uzito wake. Ukiwa mzito kama ugali, hufunika gololi na kuwa godoro, pigo likatua kwenye tope laini na nguvu ikapotea. Ukiwa mwepesi mno, mawe husombwa na maji kabla ya kusagika, na gololi zikabaki zikigongana zenyewe kwa zenyewe. Chuma hicho hulika kwa fedha. Kila tani ya mawe yaweza kula nusu kilo ya gololi au zaidi, na mgodi husaga maelfu mengi ya tani kwa siku.

Ukubwa wa gololi nao hufuata ukubwa wa jiwe. Hakuna mwanamke atwangaye mahindi na iliki kwa mchi mmoja. Mawe makubwa huhitaji gololi zenye upana wa sentimeta 10 au zaidi, ambazo pigo lake ni zito. Mawe madogo huhitaji gololi za sentimeta 3 hadi 5, ambazo ni nyingi zaidi kwa uzito ule ule na kwa hiyo hugusa chembe nyingi zaidi.

Uji utokao kinuni hupitishwa katika vyombo vyenye umbo la faneli, ambamo huzungushwa kwa nguvu. Chembe nzito hushuka chini na kurudishwa kinuni, zilizo laini hutoka juu na kwenda kwenye povu. Mara nyingi mzigo unaorudi ni mara mbili au tatu ya mawe mapya yanayoingia.

Je, kwa nini basi kila kitu kisisagwe laini kabisa, kuondoa wasiwasi? Jibu lina sehemu mbili. Kwanza, chembe iliyosagwa kupita kiasi huwa ndogo hata haiwezi kugongana na povu likaishika. Huponyoka na kwenda na matope, na maji yakimwagika hayazoleki. Pili ni gharama. Mwaka 1952 Mmarekani Fred Bond alitoa kanuni ya kukadiria nguvu inayohitajika kusaga, na kanuni hiyo ingali ikitumika duniani kote. Kwa jiwe la ugumu wa kadiri, lenye kipimo cha 13 kwa hesabu ya Bond, kulisaga kutoka milimeta 10 hadi sehemu 15 za mia za milimeta huhitaji uniti 9 za umeme na nukta kadhaa kwa kila tani. Kulisaga hadi nusu ya ukubwa huo huhitaji uniti zinazokaribia 14. Chembe imepungua kwa nusu, lakini umeme umepanda karibu kwa nusu nyingine. Hii ndiyo sababu vinu huchukua sehemu kubwa kuliko mitambo mingine yote ya kiwanda cha kuchenjua shaba.

JIWE LA JUU NA JIWE LA CHINI

Kutoka Chingola barabara huelekea magharibi hadi Solwezi, ulipo mgodi wa Kansanshi, na mbele zaidi hadi Kalumbila. Huko ndiko kitovu cha shaba ya Zambia kilikohamia katika karne hii. Kansanshi ilianza uzalishaji wa sasa mwaka 2005. Mgeni hushangaa kuona kwamba mgodi mmoja haukutosheka na mkondo mmoja wa vinu. Mawe ya karibu na uso wa ardhi yameliwa na mvua na hewa kwa maelfu ya miaka, ni laini na yana udongo wa mfinyanzi. Ya chini zaidi ni magumu na shaba yake ni ya namna nyingine. Ya katikati yamechanganyika. Kila aina ilipewa njia yake.

Tofauti hiyo huvigusa zaidi vinu vikubwa vya siku hizi, ambavyo husaga mawe kwa mawe yenyewe pamoja na gololi chache. Humo jiwe kubwa ndilo nyundo ya jiwe dogo. Yakija mawe laini matupu, nyundo hukosekana. Yakija magumu matupu, kokoto za ukubwa wa ngumi hujilimbikiza, hazivunjiki wala hazitoki, na kinu hujaa. Wakati wa mvua, kuanzia Novemba hadi Aprili, udongo hunata kwenye mikanda na kuziba midomo ya vinu. Ndiyo maana mafundi wa kinu hawana budi kupatana na mafundi wa baruti shimoni. Mlipuko wa asubuhi huamua ukubwa wa mawe yatakayofika kinuni, na rundo lililochanganywa vizuri hukiepusha kinu na mshtuko wa kubadilishiwa chakula ghafula.

UMEME UNAPOKATIKA

Vinu vya Kalumbila ni miongoni mwa vikubwa barani. Viwili vya kwanza vina upana wa zaidi ya meta 12, na kila kimoja kina mota ya megawati 28. Viwili vya gololi vinavyofuata vina megawati 22 kila kimoja. Mwaka 2025 Kansanshi nayo ilizindua mkondo mpya wenye jozi ya vinu vya nguvu hizo hizo. Kinu kimoja cha megawati 28, kikifanya kazi kwa nguvu zake zote, hula uniti 28,000 kwa saa moja.

Umeme huo watoka wapi? Kwa miaka mingi zaidi ya asilimia 80 ya umeme wa Zambia umetoka kwenye maji, hasa ya Kariba na Korongo la Kafue, na migodi imekuwa ikitumia karibu nusu ya umeme wote wa nchi. Mvua za msimu wa 2023/2024 ziliponyima, mahindi yalikauka mashambani na ziwa la Kariba likashuka. Tarehe 29 Februari 2024 Rais Hakainde Hichilema aliutangaza ukame huo kuwa janga la taifa.

Kwa kinu cha mawe, kukatika kwa umeme si sawa na kuzimika kwa taa. Kinu kikisimama ghafula kimejaa, uji hutuama, maji hujitenga, na gololi pamoja na mchanga hushikana kuwa bonge moja kama saruji. Umeme ukirudi, kinu kikiwashwa bila tahadhari, bonge hilo haliporomoki kidogo kidogo. Hupanda zima hadi juu, kisha huachia kwa mkupuo. Mamia ya tani zikianguka kwa pamoja zaweza kupasua pipa na kuharibu vishikio vyake. Kwa hiyo mafundi hukisogeza kinu polepole, hukirudisha nyuma, hukisogeza tena, mpaka wahakikishe kwamba mzigo umelegea. Wakati huo mabomba nayo yameziba kwa mchanga uliotuama, na kila bomba hudai kufunguliwa. Saa moja ya giza huweza kuzaa siku nzima ya kazi bure. Mwezi Januari 2008, umeme ulipozimika nchini kote, migodi iliyajua hayo kwa uchungu.

Mwaka 2024 kampuni za migodi zilinunua umeme kutoka nchi jirani ili vinu vyao visisimame. Wananchi mitaani hawakuwa na uwezo huo. Nyumba nyingi zilikaa gizani kwa saa 17 na zaidi kwa siku. Chigayo cha mtaa kilisimama, na mama aliyekuwa na mahindi ndani hakuwa na unga. Mkaa ukawa ndio jiko, na miombo ile ambayo msafiri huistaajabia njiani ikazidi kukatwa. Wapo waliouliza kwa nini kinu cha mawe kizunguke hali kinu cha unga kimelala. Wapo waliojibu kwamba pasipo fedha za shaba hakutakuwa na mahindi ya kuagiza kutoka nje. Hoja zote mbili zilikuwa na ukweli, na ndiyo sababu jambo lenyewe lilikuwa gumu.

TOPE LAENDA WAPI?

Kati ya kilo 100 zinazosagwa, karibu zote hubaki kuwa tope. Kusaga hulibadilisha jiwe tabia. Jiwe hukaa pale lilipowekwa, bali unga wa jiwe uliolowa maji hutiririka ukipata upenyo. Mufulira inalikumbuka somo hilo. Usiku wa kuamkia tarehe 25 Septemba 1970, tope la bwawa lililokuwa juu ya mgodi lilititia na kuingia katika njia za chini ya ardhi wakati wa zamu ya usiku. Wachimbaji 89 walikufa. Tope hilo lilikuwa limetoka kwenye vinu vya mgodi wao wenyewe.

Tarehe 18 Februari 2025, ukingo wa bwawa la topesumu la kampuni moja huko Chambishi ulibomoka. Majimaji yenye asidi yaliingia katika kijito cha Mwambashi na kutoka huko yakaingia Mto Kafue. Samaki walikufa, mashamba ya kingoni yaliharibika, na maji ya bomba ya Kitwe yalifungwa. Kiwanda hicho kilikuwa kikitumia asidi, hivyo madhara yake yalikuwa ya namna nyingine na yale ya Mufulira. Lakini chanzo ni kimoja, nacho ni kudhani kwamba kazi imekwisha pindi shaba inapokwisha kutolewa.

HESABU YA KESHO

Mwaka 1969 Zambia ilitoa zaidi ya tani 700,000 za shaba. Kufikia mwaka 2000 kiasi hicho kilikuwa kimeporomoka hadi tani 250,000 hivi. Mwaka 2024, pamoja na ukame wote, zilipatikana yapata tani 820,000. Serikali imejiwekea shabaha ya tani milioni 3 kwa mwaka ifikapo mwaka 2031.

Shabaha hiyo yaweza kupimwa kwa hesabu ya kinu. Katika mawe yenye nusu kilo ya shaba kwa kila kilo 100, tani moja ya shaba huhitaji tani 200 za mawe, hata pasipopotea kitu. Kwa uniti 14 kwa tani, hizo ni uniti 2,800 za kusaga peke yake, na tani zinazokaribia 200 za tope zinazotafuta mahali pa kulala salama. Kwa hiyo kila punje inayosagwa laini kupita haja, kila gololi inayogonga ukuta mtupu, na kila saa ambayo kinu kimevimbiwa, ni umeme ambao ungeweza kumsagia mama mahindi yake.

Mafundi wanaojifunza kuendesha vinu hivyo leo, wengi wao vijana wa Kitwe, Chingola na Solwezi, hawana uwezo wa kuamuru mvua inyeshe Kariba wala bei ya shaba ipande ng'ambo. Wanachoweza kushika ni kasi, maji, gololi na mawe. Wakivishika sawasawa, nchi itapata shaba zaidi kwa umeme ule ule na kwa bwawa lile lile. Viongozi nao wana sehemu yao, nayo ni kuona kwamba kuta za mabwawa hazibomoki, na kwamba umeme unaofika mgodini unafika pia kwenye chigayo cha mtaa.